Okwakol na Helikopta Iliyobaki Chini

Watu wa Angurai wakimtaja Okwakol siku hizi husema "yule wa helikopta", na mgeni akisikia hivyo anaweza kudhani anasifiwa. Zamani kweli ilikuwa sifa. Mimi naitwa Omuse, dereva wa pikapu ya parokia, na siku ile nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Nitaeleza jinsi ninavyokumbuka.

Okwakol alizaliwa hapa hapa, nyuma ya soko. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akabaki mikononi mwa dada yake Aguti, ambaye naye alikuwa msichana wa shule ya msingi tu. Aguti aliacha masomo ili amlee. Alimbeba mgongoni akienda kisimani, akambeba akienda kupalilia mtama, na alipopata mchumba alimwambia wazi kwamba anakuja na mtoto, kama hataki basi. Mchumba alikubali. Okwakol akakua akimwita dada yake "toto", ambalo kwa Kiteso ni mama, na hata alipopata akili ya kujua ukweli hakubadilisha.

Baadaye Aguti alijifungua msichana, Brigid. Kwa hesabu ya ukoo Okwakol alikuwa mjomba wa huyo mtoto, lakini walikua kama ndugu wa chungu kimoja. Walichapwa pamoja, wakaugua surua pamoja. Okwakol alipofaulu mtihani na kwenda Nairobi kusomea ufundi wa ndege, Brigid ndiye aliyelia kituoni hadi kondakta akamhurumia.

Alimaliza masomo, akaajiriwa na kampuni moja ya helikopta. Kila Krismasi alikuja nyumbani na tulimzunguka kwa maswali. Tulitaka kujua kama anarusha.

"Mimi sirushi," alikuwa akijibu. "Rubani ndiye anarusha. Mimi naangalia injini, halafu nasema iende au isiende."

Tulicheka. Tuliona ni majivuno madogo ya mtu wa Nairobi, na tulimruhusu, maana alikuwa wetu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, parokia iliandaa harambee ya kuezeka kanisa. Mgeni wa heshima alikuwa mfanyabiashara fulani ambaye alikodi helikopta azungukie nayo shughuli zake za sehemu hii ya magharibi, na katika safari za namna hiyo kampuni hutuma fundi aandamane na rubani. Aliyetumwa ni Okwakol. Habari zilipofika, soko zima lilijua. Mtoto wa Aguti anakuja nyumbani kwa ndege.

Alfajiri ya siku hiyo hiyo Brigid alijifungua. Mume wake ni dereva wa trela na alikuwa Kampala, kwa hivyo Brigid alikuwa amerudi kwa mama yake kungojea siku zake. Alijifungulia katika kituo cha afya, msichana mwenye nguvu, na Aguti alitoka huko moja kwa moja hadi uwanja wa shule akiwa amevaa gomesi mpya ya rangi ya machungwa. Nilimsaidia kushuka kwenye pikapu. Alikuwa anacheka peke yake.

"Omuse, leo Mungu amenikumbuka mara mbili," aliniambia.

Helikopta ilitokea upande wa Mlima Elgon. Watoto walipiga kelele, vitambaa vikapeperuka, vumbi la uwanja likatuingia machoni. Ilitua vizuri. Mgeni alishuka akipunga mkono, kwaya ikaanza kuimba, na nyuma yake akashuka Okwakol katika ovaroli ya buluu. Aguti alimkimbilia.

"Umekuwa babu!" alimwambia. "Brigid amezaa!"

Okwakol alimkumbatia, lakini niliona uso wake haukuwa pale. Alisema, "Nimefurahi, toto, nakuja sasa hivi," kisha akageuka akarudi kwenye mashine. Rubani wake, Kapteni Kariuki, mtu mnene mpole, alikuwa bado ameketi ndani akiitazama taa moja ndogo ya manjano mbele yake. Ilikuwa imewaka walipokuwa wakishuka.

Mimi napenda injini, kwa hivyo niliacha hotuba nikaenda kusimama karibu. Okwakol alifungua kifuniko ubavuni, akachomoa kitu kama kijiti kifupi cha chuma. Ncha yake ilikuwa na sumaku. Alinieleza huku mikono ikifanya kazi. Ndani ya injini kuna mhimili unaozunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona, na mhimili huo umeshikwa na beringi, vigololi vya chuma ndani ya pete, kama vile vya gurudumu la gari ila vimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mafuta yanapita humo kila wakati. Beringi ikianza kumomonyoka, vipande vyake vinabebwa na mafuta hadi kwenye sumaku ile, na vikinasa hapo, taa inawaka.

"Mara nyingi ni vumbi tu," alisema. "Laini kama unga. Unafuta, unawasha, unaendelea na safari."

Alipangusa ncha ya sumaku kwa kitambaa cheupe. Halikuwa vumbi. Vilikuwa vipande bapa, vyembamba, vinavyong'aa kama magamba ya samaki.

Alikisafisha kijiti, akakirudisha, akamwomba Kapteni Kariuki awashe injini bila kuruka. Iliunguruma tena, na wanakwaya wakashika skafu zao. Mimi niliisikiliza kwa makini nikaona haina kasoro. Sauti ilikuwa moja, haikutetemeka wala kukohoa. Uwanja mzima uliisikia. Kisha nikamwona Kariuki akiinua kidole kuonyesha taa, na Okwakol akapitisha mkono shingoni: zima. Alipochomoa kijiti mara ya pili vipande vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza.

"Inakaa hapa," alimwambia Kariuki.

"Huwezi kubadilisha hiyo beringi?" nilimuuliza.

"Hapa? Hata nikiwa na vyombo vyote, siwezi. Injini lazima itolewe, ipelekwe karakana, ifunguliwe yote. Hakuna kitu naweza kufanya hapa, Omuse."

Mgeni wa heshima alinuna, akatafutiwa gari, akaondoka kabla ya chakula. Watu walilalamika kidogo na kuanza kula. Mambo yangeishia hapo, tungebaki na kichekesho cha kusimulia.

Muuguzi wetu anaitwa Truphena. Tulimwona akija kwa bodaboda, bado ana glavu mkononi, na alikuja moja kwa moja kwangu.

"Omuse, pikapu ina mafuta? Ambulensi imepeleka mgonjwa mwingine tangu asubuhi. Brigid anavuja damu. Nimempa kila dawa niliyo nayo na haisimami. Anahitaji kuongezewa damu na anahitaji daktari wa upasuaji, haraka."

Nilipokuwa natafuta funguo mfukoni, nilimwona akitazama nyuma yangu. Alikuwa ameiona helikopta. Alikuwa ametoka kazini, hakujua yaliyotokea pale uwanjani.

"Kumbe ndege iko hapa!" alisema. "Basi tumlete hapa. Hospitali ya Eldoret ni dakika chache tu kwa hii."

Watu wote walimgeukia Okwakol. Sijawahi kuona mtu akitazamwa vile. Alisimama karibu na mlango wa mashine, kitambaa chenye vile vipande kikiwa bado mkononi.

Aguti alifika kwanza. "Okwakol. Mwanangu. Umesikia."

"Nimesikia, toto."

"Basi twende tumlete."

"Hii haiwezi kuruka."

"Si imeunguruma sasa hivi? Sisi wote tumesikia."

"Inaunguruma, lakini ndani inavunjika. Angalia." Alimfungulia kitambaa. Aguti aliangalia vile vipande, na niliona kwamba havikumwambia kitu. Vilikuwa vidogo mno. Unawezaje kumwonyesha mama vitu kama hivyo, uvilinganishe na mtoto wake?

Mimi pia nilijaribu, sitaficha. "Mimi nimetoka Nambale mpaka Malaba na beringi ya gurudumu inalia njia nzima," nilisema. "Gari ilifika."

"Gari ikikatika inasimama barabarani, Omuse," alinijibu bila hasira. "Hii ina injini moja."

"Itakatika lini?" Aguti aliuliza. "Sema tu, lini?"

"Sijui."

"Inaweza kufika Eldoret kwanza?"

Angesema hapana, nadhani mambo yangekuwa mepesi zaidi, kwake na kwetu. Lakini Okwakol hajui kudanganya, na hasa hajui kumdanganya yule mama.

"Inaweza," alisema. "Na inaweza kuzima hapo juu ya miti. Hakuna mtu anajua. Mimi sijui."

Aguti alimgeukia rubani. Kapteni Kariuki alikuwa amevua kofia. "Mama, ikizima juu nitatafuta mahali wazi pa kuishusha," alisema. "Lakini kutoka hapa mpaka Eldoret ni vilima na miti na nyaya, na ndani kutakuwa na mgonjwa, na muuguzi wake." Alimtazama Okwakol. "Wewe ndiye fundi wangu. Ukiniambia iko sawa, nitaruka. Usiponiambia, siruki."

Aguti alipiga magoti mbele ya mtoto aliyemlea, na gomesi yake mpya ikajaa vumbi. Okwakol alijaribu kumwinua, lakini Aguti akakataa kuinuka.

"Haiko sawa," Okwakol alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Toto, haiko sawa. Siwezi kusema iko sawa."

Kisha akatoa simu, akaanza kupiga. Kampuni yake ilikuwa na helikopta nyingine, ila ilikuwa Lodwar ikisafirisha watu, na hata kama ingeacha kila kitu ingehitaji mafuta kwanza. Walimwambia watajaribu. Alipiga kwa kampuni nyingine anayoijua, wakamwambia vivyo hivyo. Nilimwacha akisema "tafadhali, tafadhali" kwa mtu asiyemwona, nikaenda kuwasha pikapu.

Tulimlaza Brigid nyuma juu ya godoro. Kulikuwa na mtu aliyetaja bodaboda, maana bodaboda hupenya popote, lakini Truphena alisema akikalishwa wima hatafika hata sokoni. Mtoto mchanga aliachiwa jirani. Aguti aliketi upande wa kichwa, Truphena akashika chupa ya maji ya dripu, na Okwakol akaruka ndani na ovaroli yake. Truphena alimfundisha kukanda tumbo, chini ya kitovu, kwa nguvu bila kuacha, ili kizazi kijifunge. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi ya injini na hakukuwa na wakati wa kuiosha.

Barabara yetu ni ya murram, changarawe tupu. Niliendesha nilivyoweza, nikienda kasi Truphena anagonga kioo kwa sababu mgonjwa anarushwa, nikienda polepole Aguti anagonga. Tulikuwa tunaelekea hospitali kubwa ya Busia, na kufika huko lazima uingie barabara kuu pale Malaba.

Anayeijua Malaba anajua foleni ya trela. Siku nyingine unakuta nafasi, siku nyingine unakuta zimejipanga tangu mpakani hadi macho yanapoishia. Siku ile zilikuwa zimesimama safu mbili, na nyingine zimejaribu kupita pembeni zikafungana. Nilichukua ukingo wa barabara. Tulisogea kidogo, kisha nikaona lori la mafuta limeteleza mtaroni na kuziba ukingo wote. Nyuma yangu magari mengine yalikuwa yameshanifuata. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi.

Sitasema watu walikuwa wabaya. Tanboi mmoja, utingo wa trela, alichungulia nyuma ya pikapu, akaona damu, akaanza kukimbia mbele akipiga milango ya trela kwa kiganja, "Songa! Songa, boss, kuna mama anakufa hapa!" Madereva walishuka. Mmoja alipanda trela yake tena na kujaribu kuikunja, akaisogeza labda kwa urefu wa mkono, akagusa iliyo mbele. Wenyeji wa Malaba walileta maji, wakaleta shuka. Mawakala wa forodha walitoka ofisini wakasimama wakipiga simu kwa polisi. Kila mtu alikuwa anafanya kitu, na hakuna kitu kilichokuwa kinasogea.

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nilisikia kila neno.

"Anko," Brigid alisema, "tumefika wapi?"

"Malaba."

"Bado Malaba?"

"Tunatoka sasa hivi. Wanatufungulia."

"Mtoto ameshiba?"

"Ameshiba," Aguti alijibu. "Amelala."

Halafu Brigid akasema anasikia baridi. Jua lilikuwa kali, chuma cha pikapu kilikuwa kinachoma mkono, na yeye alikuwa anasikia baridi. Waliweka shuka, wakaweka koti langu. Nilisikia Truphena akimwita kwa jina, mara nyingi, kwa sauti inayopanda. Kisha nikasikia ameacha kuita.

Niliposhuka na kuzunguka nyuma, Okwakol alikuwa bado anakanda tumbo. Alikuwa anakanda kwa mpangilio ule ule aliofundishwa. Truphena alimshika mkono akamwambia, "Basi, kaka," na yeye akaendelea, hadi Truphena akamshika kwa mikono yote miwili. Aguti alikuwa amekiweka kichwa cha binti yake mapajani na anaziweka sawa nywele zake. Hakulia pale. Alianza kulia tulipogeuza gari, na foleni ilikuwa bado haijatembea.

Helikopta ya Lodwar haikuja. Jioni ile walimpigia Okwakol kuuliza kama bado inahitajika.

Tulimzika Brigid nyumbani kwa mume wake. Okwakol alichimba kaburi pamoja na vijana wengine na hakuna mtu aliyemwambia neno baya, lakini hakuna aliyejua la kumwambia pia, na hilo nalo linaumiza karibu sawa na neno baya. Uwanja wa shule ulibaki na ile mashine, imefunikwa turubai, watoto wa shule wamekatazwa kuisogelea. Kila aliyekwenda sokoni aliiona. Aguti alibadilisha njia.

Baadaye kampuni ilileta injini nyingine kwa lori, na Okwakol na wenzake wakafunga kreni ndogo ya mabomba, wakaitoa ile mbovu na kuweka nzima. Siku ya kuondoka watu walikuja kutazama, ila hawakupiga kelele. Okwakol aliijaribu chini, akachomoa kijiti, akakikagua, akamwambia Kapteni Kariuki iko sawa. Ikanyanyuka na yeye akiwa ndani. Aliniambia baadaye kwamba walipita juu ya Malaba, na foleni ilikuwepo kama kawaida. Akaanza kuzitazama trela, na kabla hajafikiria lolote zilikuwa zimeshapita chini yake, zimebaki nyuma. "Haikuchukua hata muda wa kuomba Baba Yetu," alisema.

Ile injini mbovu ilifunguliwa Nairobi. Nilikuwepo Okwakol alipokuja kumweleza Aguti. Tulikuwa jikoni kwake, na mtoto wa Brigid alikuwa mgongoni kwa bibi yake.

"Walifungua?" Aguti aliuliza.

"Walifungua. Beringi ilikuwa imemomonyoka upande mmoja, na pete inayoshika vigololi ilikuwa na ufa."

"Kwa hivyo ingezima."

"Ingezima."

"Lini?"

Nilimwombea Okwakol moyoni adanganye, mara moja tu katika maisha yake. Angesema ingezima hapo hapo, na nani angejua?

"Niliwauliza hata mimi," alisema. "Walisema pengine mara tu baada ya kuruka. Pengine baada ya saa kadhaa. Hakuna namna ya kujua."

"Kwa hivyo ingeweza kufika."

"Ingeweza, toto."

Aguti alifungua kanga, akamhamisha mtoto kifuani, akamfunga tena. Alifanya hivyo polepole kama mtu anayefikiria kitu kingine kabisa.

"Sikulaumu," alisema. "Kama ingeanguka ningewazika wawili, na muuguzi wa watu, na yule mwanaume mnene. Najua. Nimejiambia hivyo kila siku." Kisha akasema, "Lakini usije ukanieleza tena habari za hiyo beringi. Nimeelewa. Kuelewa hakunisaidii kitu."

Okwakol bado anafanya kazi ile ile. Mke wake Phoebe alinieleza kwamba wakubwa wake walimpongeza kwa msimamo wake, wakamkabidhi cheti mbele ya wenzake, na kwamba alipofika nyumbani alikilaza juu ya kabati kikiwa kimeangalia chini. Anakuja Angurai mara nyingi kuliko zamani. Hangoji Krismasi. Aguti anampikia, anamuuliza habari za Phoebe, anamfulia shati likichafuka. Anamwita Okwakol. Lile neno "mwanangu" sijalisikia tena, na sidhani yeye mwenyewe anajua ameliacha.

Mtoto wa Brigid ameanza kutembea. Okwakol akimchukua, mtoto hulia kwa sababu hajamzoea, na Okwakol humrudisha haraka kwa bibi yake kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Mwezi uliopita nilimkuta amekaa nje kwenye kibao, mikono katikati ya magoti. Nilikaa karibu naye. Nilimuuliza kama atasubiri jua lipungue ndipo nimpeleke stendi. Alisema atasubiri.

Tukakaa.